Mji Nimekupa, Jibu Liko Wapi?

Tulimwacha Nunu kizingitini Makunduchi, mkono uko juu ya komeo, masikio yamesimama. Ndani ya nyumba ile alikuwemo mwizi, na mwizi alikuwa anacheka.

Aliyekosa wiki iliyopita asogee, nafasi ipo. Nunu anatengeneza gemu za simu mjini, katika kampuni ya Mundhir. Gemu yao inaitwa Tega. Simu inakutegea kitendawili, ukishindwa unaipa mji, kama tulivyokuwa tukipeana sisi. Lakini ukishautoa mji hupewi jibu, unawekewa kufuli. Jibu limo mfukoni mwako, unatembea nalo, unalala nalo, ila mpaka ulipie. Unguja nzima watu wanalipa huku wakinung'unika. Makunduchi hakuna anayelipa, na majibu wanayo wote. Ndipo Mundhir akamtuma Nunu akamshike anayeyavujisha.

Nunu akafuata watoto wenye simu, akapita kitongoji, akapinda penye ua wa makuti. Na nyumba waliyoingia ikawa ndiyo aliyokulia yeye.

Akasukuma mlango.

Watoto walikuwa jamvini, wamebanana kama dagaa kwenye ungo. Mbele yao, miguu kaikunjua kwa sababu ya magoti, alikaa mwizi mwenyewe. Bi Wanu. Bibi yake Nunu, mzaa mama, mwenye sauti ile ile iliyomo ndani ya simu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Funga mlango, kuku wasiingie. Umekuja kula au umekuja kushika mtu?"

"Nani kakwambia?"

"Uso wako. Anayekuja kula hutazama chungu kwanza."

Watoto wakacheka. Mmoja, Shadya, msichana mwenye ulimi mrefu kuliko kimo chake, akamkabili Nunu.

"Ndo wewe uliyeweka kufuli?"

"Niliambiwa niweke."

"Na ungeambiwa utie kidole motoni?"

"Shadya," Bi Wanu akamkanya, "huyo mkubwa wako. Muulize kwa adabu."

"Shikamoo, Da Nunu. Na ungeambiwa utie kidole motoni?"

Nunu akakaa ukingoni mwa jamvi, akaegemeza kichwa ukutani kama mzigo ulioshushwa mahali pasipo pake. Bi Wanu akawapungia watoto mkono, nao wakatoka mmoja mmoja, wa mwisho Shadya, akiburuta miguu.

"Bibi, majibu haya ni ya kampuni sasa."

"Tangu lini? Shamba langu hufunikwa shuka na kufunuliwa, na anayelifunika simjui. Jibu lake?"

"Shamba la mwani."

"Kampuni imelijua lini shamba la mwani? Imepata kusimama na maji ya magoti, kamba mkononi, jua kichwani? Hicho kitendawili mamangu alikitunga mwani ulipoingia huku kwetu, mgongo unamuuma. Nyie mmenikalisha mbele ya chuma chenu cha kunasia sauti, nimewapa. Sikuwapa mkakifungie."

"Ungewaambia watoto walipie."

"Walipie kwa nini? Wameshatoa miji." Bi Wanu akajikunja, akashika goti. "Unajua hawa walikuja hapa wananiitaje? Mla miji. Mimi. Wameipa simu Mkokotoni, wameipa Chake Chake, Dar es Salaam, Mombasa. Mpaka Makka wametoa. Makka, Nunu. Sauti yangu imeipokea Makka, ikasema ahsante, ikanyamaza. Nitakwenda kusema nini mbele ya Mola?"

Wasomaji wangu, nyote mmetega na mmeteguliwa, mnaijua sheria. Ukishindwa, mwenzio anasema nipe mji. Ukimpa, anaupokea, anasimulia safari yake ya kwenda huko, alivyokaribishwa na alichokula, kisha anakutolea jibu. Anaweza kukusimulia mpaka uji upoe. Lakini hawezi kuutwaa mji akanyamaza. Mtu wa hivyo hategewi tena, na yeye akitega hajibiwi.

"Basi nawapa," akasema Bi Wanu. "Asubuhi wako hapa, wakitoka skuli wako hapa. Koo limenikauka, nshachoka. Lakini sauti yangu ndiyo iliyowadhulumu, na sauti yangu ndiyo itakayowalipa."

Nunu akafumba macho. Yeye naye alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa mwili.

Gemu ile aliitengeneza nzima. Ilikuwa na mvua inayonyesha juu ya bati wakati bibi anatega. Ilikuwa na nafasi ya wawili kucheza, mtu na mwenziwe, simu moja. Ilikuwa na majibu yote. Kisha Mundhir akaanza. Nunu, mvua tuitoe, tutaiuza peke yake. Nunu, hao wawili watenganishe, anayetaka kucheza na mwenziwe alipie. Vitu vyote vilikuwa vimekwisha kutengenezwa, vinafanya kazi, na yeye akawa anavifungia kimoja kimoja kama mama anayeficha sukari. Mwisho wakafika kwenye majibu.

Hebu na mie nikutegeeni. Nimenunua nyumba nzima, chumba kimoja muuzaji hataki kutoka. Mnaijua? Wiki hii sikuombeni mji, jibu mnalo mikononi.

"Chai hiyo inapoa," akasema Bi Wanu.

Nunu akafumbua macho. Maneno hayo aliyajua tangu utotoni. Mama yake, Mwanaasha, aliondoka kwenda Muscat kutafuta maisha Nunu akiwa hajajua kufunga kamba za viatu. Simu zikaja kidogo, zikakatika, na tangu hapo hakuna ajuaye kama yuko hai. Ndivyo alivyoambiwa. Usichana wake wote Nunu alijaribu njia aliyoijua. Nakupa Muscat, Bibi, haya nambie mama yuko wapi. Bi Wanu aliupokea mji, akasimulia bahari, akasimulia ngamia na tende na halua, na alipofika penye jibu akasema chai inapoa.

Simu ya Nunu ikalia. Mundhir.

"Weka sauti ya nje, nami nisikie," akasema Bi Wanu.

"Umempata?" Mundhir hakusalimia.

"Nimempata."

"Nani?"

Nunu akatazama jamvi. Bi Wanu akaisogelea simu.

"Mimi, baba."

Kisha Mundhir akacheka, kicheko cha mtu aliyepata alichokuwa akikitaka.

"Shikamoo, Bi Wanu. Kumbe ni wewe. Basi bora, n'lidhani washindani wangu."

"Marahaba. Hukasiriki?"

"Nikasirike nini? Wewe toa, Bibi, toa mpaka uchoke. Leo baada ya Asri tunazindua toleo jipya, na majibu yote tumeyabadilisha. Hayo uliyowapa watoto hayatafaa kitu. Hebu sikiliza."

Ikasikika sauti. Ilikuwa ya Bi Wanu, na ile pumzi yake fupi kabla ya kusema, na ule mkwaruzo wa kooni.

*Shamba langu hufunikwa shuka na kufunuliwa. Jibu ni kitanda.*

Bi Wanu akaishika shingo yake kwa mkono, kama anayeangalia kitu kama bado kipo.

"Nimesema lini hayo?"

"Hukusema. Fundi wetu Jecha kailisha mashine sauti yako yote, sasa tukiiandikia neno inalitamka. Huna haja ya kuja kupanda ngazi zetu tena. Pumzika."

"Kitanda," akasema Bi Wanu taratibu. "Kitanda kikilimwa huvunwa nini, baba?"

"Watoto, Bibi."

Bi Wanu akacheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka.

"Lakini leo uje," Mundhir akaendelea. "Uvae vizuri, ukae mbele, wageni wakuone. Na wewe Nunu, toleo utaliachia wewe kwa mkono wako. Ukichelewa, kiti chako ntampa mwengine."

Akakata.

Dirishani, nyuma ya wavu, kichwa kikainuka. Shadya hakuwa amekwenda mbali.

"Bibi, kumbe ni kitanda?"

"Ni shamba la mwani, Shadya."

"Lakini nimekusikia mwenyewe. Umesema kitanda."

Bi Wanu akautazama ule uso dirishani. Atamwambia nini mtoto? Kwamba si yeye? Na kesho watakuja wengine, na keshokutwa, kila mmoja na simu yake, na ndani ya kila simu Bi Wanu mmoja anayemkanusha Bi Wanu wa jamvini. Umri wake wote hakuwa na shamba wala duka. Alichokuwa nacho ni kwamba akisema neno, watu walilishika.

"Nenda kwenu," akasema. "Jua kali."

Akajishika ukuta, akainuka, akaingia chumbani. Nunu akamsikia akipekua sanduku.

"Nunu. Yale ya kweli unaweza kuyafungua?"

"Naweza. Ninayo gemu nzima kama ilivyokuwa mwanzo, sijaifuta. Mvua imo, majibu yamo. Nikiiachia hiyo badala ya ile ya Mundhir, makufuli yote yanakwisha. Lakini na kazi yangu inakwisha."

"Sikukuuliza kama utafanya. Nimeuliza kama unaweza."

"Naweza, Bibi. Ila si safi. Hata kukohoa kwako sijakata, na mazungumzo ya pembeni yamo. Sikuyasikiliza hata, nilirundika tu."

Bi Wanu akatokea mlangoni, buibui mwilini nusu.

"Hujakata?"

"Sijakata."

Akasimama vivyo hivyo, mkono mmoja ndani ya nguo na mwengine nje, akitazama kikombe cha chai pale chini. Nunu alidhani ni magoti yanamuuma.

"Haya," akasema mwishowe. "Nivutie nguo hii. Twende."

Ukumbi ulikuwa wa hoteli moja Shangani, feni zimejaa juu na baridi imezidi. Wageni walikuwa wamekwisha kukaa, makoti kwa mabuibui, udi unafuka. Mlangoni alisimama Jecha, fundi sauti wa kampuni, mtu mrefu mwenye kupenda kuinama ili asionekane.

"Da Nunu, usintazame hivyo. Mimi nimepewa kazi."

"Na mimi nimepewa kazi. Sote tumepewa."

"Inakohoa kama yeye hasa." Jecha akamtupia jicho Bi Wanu, akaliondoa. "Nilipoisikia mara ya kwanza niliitikia. Nilisema, naam, Bibi. Peke yangu ofisini. Nikajiona mjinga."

"Hukuwa mjinga," akasema Bi Wanu. "Umelelewa. Kiti changu kipi?"

Akakalishwa mbele, katikati, penye mwanga. Nunu akapewa meza ya pembeni yenye kompyuta. Kwenye kioo yalikuwapo majina mawili, moja juu ya jengine. La juu, toleo la Mundhir, majibu mapya. La chini, gemu nzima. Kidole kimoja tu, na chochote alichokigusa kingeingia kwenye simu zote.

Mundhir akapanda jukwaani. Alikuwa na koti jipya alilorudi nalo kutoka Muscat, na sauti ya kubembeleza kama ya mwenye duka la vitambaa, alivyokuwa babu yake.

"Ndugu wageni, fungueni Tega. Sote kitendawili cha kwanza, kile cha shamba. Mshindwe makusudi. Mpeni mji. Kisha subirini penye kufuli, msiguse kitu."

Simu zikatoka mikobani na mifukoni. Na ukumbi mzima, kutoka kila upande, juu ya kila paja, sauti ya Bi Wanu ikaanza kusema ahsante. Ahsante, mji nimeupokea. Ahsante, mji nimeupokea. Ahsante.

Bi Wanu alikaa wima katikati yake, mikono juu ya magoti, anasikia anavyoshukuru asichokiomba. Kisha makufuli yakang'aa.

"Na hapa tunaye mwenyewe," akasema Mundhir. "Bi Wanu, tupe maneno mawili matatu."

Alidhani atashukuru. Bi Wanu akachukua kipaza sauti, akakipuliza kidogo, akasema neno moja.

"Kitendawili."

"Tega!" Ukumbi wote ukaitikia kabla haujajijua. Hata wale wa makoti.

"Mwanangu akishatoka mlangoni harudi, na kila amsikiaye hunitaja mimi."

"Mtoto mhuni," akasema mtu nyuma, wakacheka.

"Ngoma."

"Radi."

"Harufu ya udi," akasema mama mmoja.

"Udi husikiwa kwa pua, mwanangu. Karibu, lakini bado," akasema Bi Wanu. "Na wewe, Mundhir?"

Mundhir akainua mikono. "Tumeshindwa, Bibi."

"Nipe mji."

"Nakupa Mji Mkongwe wenyewe. Wote, na watu wake."

Wakampigia makofi kwa ukarimu wake. Bi Wanu akangoja makofi yaishe.

"Ahsante, baba. Mji Mkongwe nimeupokea. Basi nilikwenda Mji Mkongwe. Nikapandishwa ngazi, ngazi, magoti yakalia. Wakanikalisha mbele ya chuma, wakasema, Bibi, sema yote uyajuayo. Nikasema. Walinipa chai nzuri, nisiwasingizie. Nikarudi kwangu. Nilipokwenda tena mji ule ule nikamkuta mwanamke kakaa dukani. Ana sauti yangu. Ana kikohozi changu. Anauza majibu. Nikamuuliza, wewe nani? Akanambia, mimi Bi Wanu. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema, wewe kaa mbele, wageni wakuone."

Feni zikasikika.

"Na jibu, Bibi?" Mundhir alikuwa bado anatabasamu, ila meno tu.

"Jibu limefungwa, baba."

Ukumbi ukapasuka. Watu walipiga mapaja, mama wa udi akajifuta machozi. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Kala mji, huyo. Kaula mchana kweupe."

"Tulipie basi?" akauliza Mundhir, akijaribu kucheka nao.

"Mie siuzi. Nimelifunga tu, ujue linavyouma."

Sasa msomaji, wewe ungeaibika ukashuka jukwaani. Mundhir hakushuka. Aliitoa simu yake, akaandika kitu kwa kidole gumba, akaielekeza kwenye spika.

*Jibu ni moshi,* akasema Bi Wanu.

Lakini Bi Wanu alikuwa amesimama pale, mdomo umefumbwa, kipaza sauti kimening'inia mkononi.

*Jibu ni moshi. Ahsanteni kwa mji.*

Makofi yakaanza, machache, yakazidi. "Bibi kajibu," akasema mtu. Wa nyuma wakauliza kasemaje, wakaambiwa moshi, wakatikisa kichwa kukubali. Wote walikuwa wanatazama spika. Hakuna aliyemtazama yeye.

"Moshi hausikiwi," akasema Bi Wanu. Ila kipaza sauti hakikuwa mdomoni, na maneno yakafia kwenye buibui.

"Naona Bi Wanu mwenyewe kashatufungulia," akasema Mundhir. "Nunu. Achia toleo."

Nunu akaweka mkono mezani.

La juu, na kesho anaamka, anakwenda kazini, anafungia kingine. La chini, na kesho hajui. Alitamani kuogopa, lakini hata woga una nguvu zake, na yeye hakuwa nazo. Alichokiona ni kile kichwa cha Shadya dirishani. Nimekusikia mwenyewe, umesema kitanda. Akamtazama bibi yake. Bi Wanu alikuwa anamtazama yeye, mdomo umefunguka kidogo, kama mwenye neno la kumzuia. Kisha bibi akaufumba.

Nunu akagusa la chini.

Kwanza ikanyesha mvua. Mvua juu ya bati, kutoka simu zote, mpaka watu wakatazama juu. Kisha makufuli yakafunguka yote pamoja, na Bi Wanu wa siku ile ya kwanza ya kunaswa sauti, mwenye koo bado zima na furaha ya mtu anayesikilizwa, akasema.

*Jibu ni shamba la mwani. Shuka ni bahari, na anayelifunika na kulifunua ni Mola.*

"Aaa," ukumbi ukasema, kama watu waliotua mizigo. Mama mmoja wa pembeni akasema, "Kweli, mwani," na akarudia, "mwani," kwa sauti ya aliyewahi kusimama ndani ya maji yale.

Mundhir akamwinamia Nunu kutoka jukwaani. "Umeachia ipi?"

"Nzima."

"Izime."

"Haizimiki. Imeshatoka."

Na simu zilikuwa bado zinasema. Bi Wanu akakohoa humo ndani. Kikombe kikawekwa juu ya kisahani. Halafu ikasikika sauti ya mwanamme, laini, ya kubembeleza.

*Hatutayauza majibu, Bi Wanu, wallahi. Watoto watapewa bure, nakuapia.*

Vichwa vikaanza kugeuka. Kimoja, viwili, safu nzima.

"Hiyo sauti ya nani?" akauliza mzee.

"Ya huyo hapo juu," akajibiwa.

Mundhir alisimama na koti lake jipya, na sauti yake ilikuwa katika kila paja la ukumbi, na hakuwa na njia ya kuiita irudi. Bi Wanu akakiinua kipaza sauti mdomoni. Hakuwa na furaha usoni, alikuwa na uchovu wa mtu aliyefika.

"Mwanangu akishatoka mlangoni harudi, na kila amsikiaye hunitaja mimi," akasema. "Jibu ni sauti. Mji wako huo, baba, nshaulipa."

Wakapiga makofi wamesimama. Jecha mlangoni alinyooka kwa mara ya kwanza, akapiga makofi mikono juu ya kichwa. Nunu akajikuta anacheka peke yake mezani, macho yamemlowa.

Laiti simu zingenyamaza hapo.

Lakini hakuna aliyekata mwisho wa ile sauti, si Nunu mwenyewe aliyesema hajakata? Mvua ikaendelea, kikombe kikalia tena, na Mundhir wa ndani ya simu akashusha sauti, kama anayesema na mtu mmoja.

*Jengine, Bibi. Nimetoka Muscat. Mwanaasha anakusalimu. Nimemuona kwa macho yangu, mzima, ana nyumba yake. Anauliza, Nunu aambiwe?*

Makofi yalikuwa yanapungua. Kicheko cha Nunu kikabaki usoni kikiwa hakina mwenyewe.

*Asijue,* akajibu Bi Wanu. Haikuwa mashine. Ile pumzi fupi, ule mkwaruzo. *Mwambie mwanangu, Nunu keshazoea. Asijue.*

Simu hazikwenda sawa. Nyengine zilichelewa kidogo, nyengine zilitangulia, na neno likazunguka ukumbini kutoka safu hii hadi ile. Asijue. Asijue. Nunu asijue.

Mundhir akatazama viatu vyake. Bi Wanu alikuwa bado ameshika kipaza sauti, na kile chuma kikaichukua pumzi yake fupi, kikaitoa kwenye spika.

Nunu akainuka mezani. Watu wakampisha bila kuambiwa. Akaja mpaka mbele, mpaka pale penye mwanga, akasimama karibu ya bibi yake kiasi cha kusikia harufu ya karafuu kwenye buibui lake.

"Bibi."

"Naam, mjukuu wangu."

"Nilikuwa mdogo," akasema Nunu. "Nikakupa Muscat, ukaipokea. Jibu liko wapi?"